Siku ya Mama Kupiga Simu

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Shule niliishia darasa la saba, na mambo ya pesa yananipita. Lakini niliyaona.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa anasuka nywele kwenye kiti cha kukodi hapa mjini Johannesburg. Kanisa letu liko ghorofani, kwenye jengo lililokuwa la ofisi. Jumapili moja, baada ya ibada, Mkenya mmoja anayefanya kazi benki alitufundisha habari za pesa, bure kabisa. Alisema ndugu wa nyumbani wapewe siku moja katika mwezi. Siku nyingine wakipiga simu, iache ilie. Ukiweza hilo, alisema, utatajirika.

Mimi nilisahau kabla sijamaliza ngazi. Yaya alishika. Alimweleza mama yetu kule Bukavu, na mama akakubali upesi mno.

"Sawa, mwanangu. Nitapiga mwisho wa mwezi tu."

Saluni wakamcheka. "We, mama yako ni mshahara? Anakuja mwisho wa mwezi!"

"Chekeni tu," akawajibu, vidole viko kichwani mwa mteja. "Mtakuja kukodi viti kwangu."

Na walikuja. Hilo lazima niliseme. Alipata chumba chake, viti vitatu na sinki la kuoshea nywele. Tajiri hajawa, kodi bado inamkimbiza, lakini haombi tena kiti cha mtu. Mimi ambaye sikufuata neno lolote bado nalinda mlango wa duka la wengine.

Mama akaugua tumbo katikati ya mwezi. Jirani yake alimwambia atupigie, akakataa.

"Siku yao bado. Nitawasumbua."

Mwishowe jirani akapiga mwenyewe. Yaya aliona namba ya kule, akaacha ilie. Mimi nilikuwa zamu, simu iko kabatini. Jioni tulipopiga sisi, mama alikuwa ameshafikishwa hospitali, na hakuweza tena kuongea.

Hela ya matibabu ilikuwepo. Ilikuwepo kwa sababu ya yale mafundisho. Bila hayo tungekuwa tunazunguka kukopa. Daktari hakusema kwamba angewahi angepona. Hakusema pia kwamba asingepona. Yule Mkenya alikuja msibani, akakaa chini na sisi, akalia. Nikimlaumu nitakuwa namwonea. Alifundisha watu wote. Hakujua mama yetu alivyokuwa mtiifu. Sisi tulijua. Au labda nasema hivyo kwa sababu nimechoka kufikiri.

Siku hizi Yaya anapokea kila simu, hata ya watu wanaouza bima.

Juzi ilikuwa mwisho wa mwezi. Alizima mashine ya kukaushia nywele, kama alivyozoea kufanya ili amsikie mama vizuri. Mteja akainua kichwa.

"Dada, umeme umekatika?"

"Hapana," Yaya akasema, akaiwasha tena.