Mstari wa Wageni

Kamati ilinipa kazi ya kuandika programu ya sherehe kwa sababu moja tu: nilisoma chuo kikuu. Hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, msomi wa namna yangu hana ufundi wowote unaoonekana, kwa hiyo hupewa karatasi.

Mashirika manne yalikuwa yameungana kuandaa siku ya tamaduni: akina mama wa Kibembe wanaosuka mikeka, vijana Waislamu wa ufukweni na dufu zao, kwaya ya wakimbizi wa Burundi, na akina mama wafugaji wa Bibokoboko, kule juu. Hawa wa mwisho walikuwa hawajashuka sokoni kwa miaka, kwa sababu ya vita. Kiongozi wao, mama wa rika langu, alikuja mkutanoni peke yake, akatuambia wazi anachotafuta.

"Kucheza si kitu," alisema. "Batu bakituona siku moja, bakituzoea, tutarudia kuuzisha maziwa ku soko. Kule juu tuko tunaimwanga bure."

Nilitaka kumsaidia. Kwetu mgeni hukaa kivulini na hula kwanza. Basi nikaandika: "Ngoma za wageni: kwaya ya wakimbizi, akina mama wa Bibokoboko." Nikajipongeza. Kwa mstari mmoja nilikuwa nimewapatia hema, viti na Fanta baridi. Karatasi ikatolewa fotokopi, ikabandikwa sokoni.

Kesho yake asubuhi yule mama alinikuta nyumbani nikiwa na kiongozi wa kwaya, tukipanga zamu za kuimba. Mkononi alikuwa na programu aliyoibandua ukutani.

"Mwalimu, mi niko mugeni wa nani?"

Nikamweleza habari ya hema. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mlevi, kwa subira.

"Muuza chumvi mumoja ameniambia, 'Ona, mama, hata basomi banajua. Mugeni anarudiaka kwabo.' Sasa kwetu ni wapi, mwalimu? Nyanya yangu alizikwa kule juu."

Kiongozi wa kwaya akajaribu utani. "Siye tuko bageni ba kweli, mama, hata karatasi ya kambi tuko nayo. We uko na gani?"

"Sina ya mugeni, sina ya mwenyeji. Niko na hii ya mwalimu tu."

Nikaahidi kubandika programu nyingine siku hiyo hiyo. Akatikisa kichwa.

"Ile imekwisha kusomwa. Weye uniandikie yangu: huyu mama hapana mugeni hapa. Utie sahihi. Nitaionyesha ku soko, nitaionyesha na bale bamama benye kuogopa kushuka."

Sentensi ya maneno matano. Niliwahi kuandika kurasa mia mbili kuhusu utambulisho, na walimu wangu wakanisifu kwa ujasiri. Nikashika kalamu, nikaanza kuwaza ni nani ataisoma: kwenye vizuizi vya barabarani, sokoni, mtaani kwangu, wale wote wasemao watu wa kule juu si wa nchi hii. Watoto wangu wanapita mtaa huo. Nikaandika: "Mwenye karatasi hii ni mshiriki katika kamati yetu." Nikatia sahihi iliyonyooka sana.

Akasoma taratibu. "Mushiriki," alisema. Akairudisha mezani, akailainisha kwa kiganja ili isikunjike, adabu ambayo sikuistahili. "Hii haitanipitisha fasi yoyote, mwalimu." Akaaga, akashika njia ya milimani.

Siku ya tamaduni ilifana, kama wasemavyo watoa hotuba. Dufu zilipigwa, mikeka ikasifiwa, kwaya ikaimba nyimbo mbili zaidi kujaza nafasi. Zamu ya Bibokoboko ilipofika, mshereheshaji alitangaza kwamba ndugu zetu wamepata udhuru, akaomba makofi. Tukapiga. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwa kuwa nilikuwa mstari wa mbele na watu walikuwa wananitazama.

Akina mama wa Bibokoboko hawajashuka mpaka leo. Kamati imekwisha kuniomba programu ya mwaka ujao, na nimekubali.