Pilipili za Baba Mtoto

Juzi sokoni hapa Migori niliitisha pilipili kali, muuzaji akacheka: "Wewe mama, si ukionja moja tu unalia?"

Nikamwambia ni za baba mtoto, yuko Osiri kwa mashimo ya dhahabu, na tangu mvua ianze simu yake haipatikani, mimi naogopa. Akaniongezea.

Nikapika maharagwe na nyama, nikatia pilipili zote, mtoto akapiga chafya, jirani akaja mbio mlangoni: "Kumbe amerudi! Nimesikia pilipili kutoka kwangu!"

"Bado, mama."

Akachukua mwiko mkononi mwangu, akakoroga. "Basi tupunguze moto. Akifika asikute yameungua."

Wasomaji, nani mwingine humngoja mtu wake kama mimi, akichungulia barabara huku akikohoa kwa pilipili?