Mstari wa Nne

Marubani wa kampuni yetu ndogo pale uwanja wa ndege wa Kigali walikuwa tisa, na kila mmoja alikuwa na namba. Aliyeajiriwa mwanzo alikuwa wa kwanza, aliyekuja mwisho wa tisa. Kwa namba hiyo walichagua likizo, safari, hata kiti cha kukalia wakati wa chai. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu bila kuamini nusu ya nilichofundishwa, nikaajiriwa kuchapa ratiba zao. Vyama vilipoanza kuota kila kona ya mji, nao wakaunda chao cha marubani. Wakanifanya karani kwa sababu mashine ya kuchapa ilikuwa mezani kwangu.

Jumatatu moja rubani wa nne alifukuzwa. Alikuwa ameruka tangu alfajiri, Kamembe na kurudi, Bujumbura na kurudi, na alipoamriwa kwenda Goma akasema macho yamechoka. Mkurugenzi akamwita mkaidi. Rufaa yake ingesikilizwa Ijumaa asubuhi, basi chama kikaamua kupeleka barua yenye saini za wote: mwenzetu arudi, la sivyo haruki mtu.

Barua niliichapa kwa dakika ishirini. Saini zilichukua siku tatu.

Wa pili hakukubali kusaini kabla ya wa kwanza, na wa kwanza alikuwa kwake Rebero, anaumwa malaria. Nilipanda kilima kile na karatasi ndani ya shati. Akaisoma mara mbili, akasaini, akaniuliza kama kuna yeyote aliyemtangulia.

Alhamisi tulifika mstari wa nne. Rubani wa tano alisimama mbele ya meza yangu, kalamu mkononi.

"Huu tunaufanyaje?"

"Uache wazi," nikasema. "Ni wa mwenye kesi."

"Barua yenye pengo? Mkurugenzi atasema kuna aliyekataa."

"Basi sainini popote. Hata kwa duara, asijulikane nani wa kwanza."

Wakacheka wote. "Profesa," akasema wa saba, Mzaire asiyekosa utani, "siku ndege ikiwa na usukani wa duara kwa abiria wote, tutasaini hivyo."

Wa kwanza alikuwa amekuja na sweta lake la homa. Akaamua: walio chini wapande mstari mmoja, namba ziishie nane.

"Lakini mzee, mtakuwa mmemfuta," nikasema.

"Ni karatasi tu, bwana mdogo. Chapa upya."

Nilichapa upya. Nikajiuliza watu hawa wanaosoma mishale ya saa thelathini za ndege kwa jicho moja wanashindwaje kusoma ukurasa mmoja. Wakasaini tena, kwa zamu, na wa tano akaweka jina lake mstari wa nne kwa mwandiko mzuri kabisa.

Ijumaa mkurugenzi aliishika barua kwa muda mrefu. Vile vitisho hakuvigusa. Akaweka kidole katikati ya karatasi.

"Namba nne ni nani hapa?"

Wa tano akainua mkono, polepole, kama mwanafunzi.

"Hongera," mkurugenzi akasema. "Mnaniomba nimrudishe mtu kwenye nafasi ambayo mmeshaijaza wenyewe. Kuna anayetaka kushuka?"

Nilimtazama wa tano, kisha wa sita, kisha wa saba ambaye siku hiyo hakuwa na utani. Kila mmoja alikuwa amepanda ngazi moja tangu jana na hakuna aliyetazama nje ya dirisha, ambako mwenzao alikuwa ameketi kwenye benchi amevaa sare iliyopigwa pasi. Mchana ndege ziliruka kama kawaida.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Alisikiliza, akavua kofia, akaifuta vumbi lisilokuwepo.

"Lakini walisaini wote?"

"Wote, kaka."

"Kwa kufuata namba?"

Nilitaka kumpigia kelele.

"Kwa kufuata namba," nikasema.

"Hapo sawa," akasema, akainuka.

Nikarudi ndani kuchapa ratiba ya wiki mpya, yenye marubani wanane.