Mkono wa Kushoto wa Bi Mize

Kazi yangu hapa Pemba ni kuwasaidia wagonjwa warudi kwenye shughuli zao. Bi Mize, aliyepooza mkono wa kushoto, nilimpa karafuu azichambue kwa mkono huohuo. Nikamwambia nilichosomea: "Mtu hubadilika akiaminiwa."

Kila nikifika kwake Vitongoji, ungo mzima umeshachambuliwa. Nikashuku ni kazi ya bintiye. Nikapanga kumfuta Bi Mize kwenye matibabu.

Jana sikupiga hodi. Nilijibanza nyuma ya ua wa makuti, nikachungulia. Bi Mize alikuwa peke yake, mkono wa kulia ameukalia, wa kushoto ukitetemeka juu ya karafuu mojamoja. Machozi yakanilenga, siafu wakaniuma. Niliruka, nikaanguka na ua wake.

Hakushtuka.

"Karibu, mwanangu. Mie nshabadilika. Weye utaniamini lini?"