Pakiti Mbovu za Bahmed

Shemeji yangu Bahmed haachi kitu mpaka akijue. Tukila tende, sisi tunatema kokwa; yeye huipasua aone ndani. Ndiye aliyeandika programu inayopokea pakiti za ujumbe zinazoletwa na waya kutoka kwenye kipimo cha maji, upande wa juu wa bonde letu la Mzab, huku jangwani. Mto wetu huweza kukaa mkavu hata miaka miwili, kisha ukashuka siku moja. Zamani walinzi wa mto walipiga bunduki kutoka minarani kutuonya. Siku hizi kuna king'ora, na programu hiyo ndiyo hukiliza.

Mwaka jana king'ora kililia jua likiwaka. Tukakimbilia juu na magodoro na mbuzi, tukakaa hadi magharibi. Hakuna hata tone. Pakiti moja ilikuwa imeharibika njiani, na programu ikaipitisha bila kuikagua. Nakiri, siku ile nilijuta kumwoza dada yangu.

Ami Daddi, mkuu wa walinzi wa mto, alimwambia, "Kikidanganya tena, mwanangu, naking'oa kwa mikono yangu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bahmed akaifundisha programu kupima urefu wa kila pakiti, kukagua namba ya uhakiki iliyo mkiani mwake, inayoonyesha kama imefika nzima, na mbovu kuitupa. Lakini kutupa kimyakimya kulimkera. Kwanza aliamuru kila mbovu iandikiwe mstari wake, kompyuta ikaelemewa. Baadaye akabakiza hesabu ya mbovu tu. Kila asubuhi aliichungulia kama mfuga kuku anayetafuta mayai. Mbili. Sifuri. Moja.

Adhuhuri moja ya Oktoba, mbingu safi, nilimkuta amekodoa macho. Pakiti mbovu zilikuwa mia tatu na zinapanda. Nzima haikuwa imeingia hata moja kwa robo saa. Na skrini ilisema: kavu.

"Mbona inasema kavu?" niliuliza.

"Inarudia la mwisho ililosikia. Kule juu viungo vya waya vinalowa, shemeji. Mvua hiyo!"

"Au punda kakata waya."

"Punda angekata, zisingefika hata mbovu."

Akabonyeza king'ora. Chini mtoni ami Daddi na watu kumi walikuwa wanazoa mchanga kwenye mlango wa mfereji. Hawakuinua hata kichwa. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, leteni magodoro!" Wakaangua kicheko.

Bahmed akashuka mbio, mimi nyuma yake, akaketi katikati ya mto mkavu.

"Toka hapo, mwehu we!" ami Daddi alisema.

"Sitoki mpaka mtoke, ami."

"Kipimo kinasemaje?"

"Kavu."

"Sasa?"

"Si kweli. Maji yasipokuja, king'oe leo leo."

Mzee alimtazama, akatupa koleo lake. "Haya, tokeni. Sitaki kesi na mama yake huyu."

Wa mwisho alikuwa bado anapanda ukingo maji yalipofika, mazito kwa udongo, yamebeba magogo ya mitende. Makoleo yote yalikwenda. Nililia, wala sioni aibu.

Ami Daddi akamgeukia Bahmed.

"Kwa hiyo chombo chako kilisema kavu, na kumbe hakijui?"

"Ndiyo, ami."

"Basi kifundishe kusema sijui. Mimi ilinichukua miaka sabini."