Kisomeo cha Saa ya Vifungo

Kila siku, chakula cha mchana kikishashuka, shangazi yangu hupangusa miwani kwa upindo wa blauzi, akakohoa kidogo, akafungua kitabu. Cherehani zote hunyamaza. Hiyo ndiyo saa ya vifungo: mafundi wanashona vifungo kwa mkono, naye, fundi mkuu, anawasomea riwaya. Mimi, niliyemaliza chuo na bado natafuta kazi, hukaa pembeni na sindano yangu nikisikiliza.

Alipoanza kulalamika kwamba macho yanamsumbua, tuliingiwa na hofu. Bila msomaji, mwenye karakana angeturudishia redio yake ya matangazo. Basi nikaenda naye dukani kutafuta kisomeo, kile kidude kinachobeba vitabu vingi, cha bei ya chini.

"Mama, chukua hiki," muuzaji alisema. "Kinang'aa, kina rangi, hata sinema unatazama."

"Kinanimulika kama mwizi. Nipe kile kilichofifia."

Kilichofifia ndicho kilichokuwa rahisi zaidi: hakina rangi, kioo chake kama karatasi. Muuzaji akakuza herufi mpaka mistari michache ikajaza kioo. Nikamwomba afungue riwaya ileile tunayosomewa. Akafungua sura ya tatu.

Shangazi akasoma, neno baada ya neno: "Walipotoka kumzika mke mdogo, mvua ilikuwa imekatika."

Kumzika? Karakanani kwetu, shangazi anavyotusomea, mke mdogo yu hai! Juzi tu alifungua hoteli, mafundi wakampigia makofi. Alipompata mwanawe aliyepotea, fundi wa mashati alilia mpaka akajichoma sindano.

Nikamgeukia shangazi. Mkono ulikuwa mdomoni, macho yamemtoka.

"Kumbe alikufa!" akanong'ona. "Masikini, mapema hivi!"

"Mama, si hadithi tu?" muuzaji akacheka.

"Nyamaza wewe. Nimemlea mwaka mzima."

Ndipo nikaelewa. Mwaka mzima alikuwa akifunua kurasa asizoziona, na yote yale, hoteli, mtoto, machozi yetu, yalitoka kichwani mwake. Nami nilikuwa nimeketi palepale na shahada yangu, nikiyameza.

Akakinunua kile kilichofifia. Tulipofika nje nikamuuliza.

"Shangazi, kesho utawasomea nini?"

"Kilichoandikwa, mwanangu. Nimechoka kutunga."