Kihisi Namba Kumi na Nne

Emery alisimama mlangoni mwa handaki, gundi mkononi, miguu ikamgomea.

Alikuwa mita mia tatu chini ya ardhi, nje kidogo ya Stockholm. Handaki lilikuwa la majaribio. Taka za nyuklia hazikuwamo bado. Hita za umeme ndizo zilizouchoma mwamba jinsi taka hizo zitakavyouchoma siku moja. Kazi ya Emery ilikuwa kubandika vihisi ukutani. Kimoja hutoa mlio usiosikika kwa sikio, kingine huupokea. Mlio ukichelewa, mwamba umeanza kupata nyufa ndani kwa ndani. Nyumbani, mtaa wa Hagsätra, mkewe Séraphine humtania kwamba anapima mimba ya jiwe.

Asubuhi hiyo mlio wa kihisi namba kumi na nne ulichelewa.

“Ni gundi tu, kaka,” Flaviana, mhandisi wa Kitanzania, alisema kwenye redio kutoka juu. “Imeachia kwa joto. Ingia ubandike upya.”

Emery aligonga ukuta wa ndani kwa spana. Ndivyo walivyofanya kwenye mashimo ya madini ya koltani kule Masisi, Kongo, alikofukuliwa hai huku mdogo wake Hervé akibaki chini. Jiwe zima, lisilo na ufa, hulia ngii.

Hili lililia bu.

“Siingii, dada.”

“Kesho unasaini mkataba wa kudumu, nawe leo unaleta ubishi? Kompyuta haijatoa onyo la hatari. Unaogopa?”

“Naogopa sana. Kuja usikie mwenyewe.”

Flaviana alishuka kwa lifti, akimnunia. Alichukua spana, akagonga. Bu. Akagonga tena.

“Mungu wangu. Nilishaandika kwenye ripoti kwamba ni gundi.”

Neno moja tu! Sumu itakayokaa miaka laki moja ingezikwa juu ya neno hilo, ili ripoti isichelewe.

“Twende,” Flaviana alisema.

“Polepole. Tugonge kwanza.”

Emery akageuka, akagonga ukuta wa njia ya kutokea, pale pale alipokuwa amesimama akijiona salama.

Bu.

Walitembea wakigonga kuelekea lifti. Bu. Bu. Changarawe ilimdondokea Emery begani, akajikaza asipige mbio. Hatua ya kumi na tisa, mbele ya lifti, spana ikalia ngii.

Flaviana alishika redio kwa mikono miwili. “Zimeni hita zote. Mtu asishuke. Na ile ripoti yangu, ifuteni.”

Lifti ilipopanda, Emery aliendelea kugonga ukuta wake wa chuma. Flaviana hakumkataza.